Ukurasa wa Ndiva

Ukurasa wa wavuti ambao mtu ameuandika kwa mara ya kwanza kwa mkono wake hauna rangi wala pambo. Ni maandishi meusi juu ya weupe, kichwa kikubwa juu, aya mbili tatu chini yake, basi. Anayeutazama anaweza kudhani kazi bado haijaanza. Mimi naiona kazi hiyo ikiwa nzuri zaidi palepale, kabla ya rangi. Nimepata bahati ya kuitazama ikifanyika mjini Same, ndani ya stesheneri iliyo karibu na barabara kuu iendayo Moshi, mahali ambapo watu huja kutoa kopi za vyeti, kuchapisha barua za maombi ya kazi na kupiga picha za pasipoti.

Mwanafunzi ni binti aliyemaliza kidato cha nne, mzaliwa wa vijiji vya milimani, Upare Kusini. Ameajiriwa pale kuchapa. Asubuhi hana nafasi, foleni inafika mlangoni. Mchana, jua la Same likiwa utosini na wateja wamepungua, hufungua Notepad, ile programu ndogo ya kuandikia inayokuja na kila kompyuta ya Windows, akaendelea alipoishia. Hakuna cha kununua. Katika hatua hii hata bando halihitajiki: faili linakaa ndani ya kompyuta ileile, na linafunguliwa na kivinjari kilekile kinachofungua tovuti za dunia nzima.

Jambo alilochagua kuliandikia ni ndiva. Kwa asiyeifahamu Upare, ndiva ni bwawa dogo lililojengwa mlimani ili kukinga maji ya kijito. Kijito chenyewe ni chembamba. Maji yake yakiachwa yashuke yenyewe, mchanga na jua vitayamaliza njiani. Kwa hiyo hukusanywa usiku kucha, na asubuhi lango hufunguliwa, maji yakateremka mfereji kwa pamoja yakiwa na nguvu ya kufika shamba la mbali. Upande wa magharibi wa milima, kuanzia Vudee na Bangalala hadi kule bondeni Makanya, mvua ni haba na haitabiriki. Mfereji ndio unaookoa mahindi pale vuli inapokatika katikati. Ndiva ina kamati yake, ina zamu zake, na ina siku za msaragambo, watu wote wanapotoka na majembe kuondoa tope na kuzibua mifereji. Watafiti wa vyuo vya ndani na nje wameandika mengi kuhusu maji ya bonde la Makanya, karibu yote kwa Kiingereza. Binti huyu anataka kitu kidogo zaidi na chenye matumizi ya karibu zaidi: ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza ndiva ya kwao ni nini, inafunguliwaje, na zamu ya kila siku ni ya nani.

Lugha anayojifunza inaitwa HTML. Kinachonivutia katika lugha hii ni swali inalomlazimisha mwandishi ajibu. Haiulizi maneno yaonekane vipi. Inauliza maneno haya ni nini. Hiki ni kichwa cha habari? Hii ni aya? Hii ni orodha, na kama ni orodha, je, mpangilio wake una maana? Jibu huandikwa kwa tagi, yaani herufi chache zilizowekwa ndani ya mabano yenye ncha: h1 kwa kichwa kikuu, h2 kwa kichwa kidogo, p kwa aya. Tagi ya kwanza inafungua, ya pili inafunga, na ile ya kufunga huwekewa mkwaju ili ijulikane.

Kwa mtu aliyezoea kuchapa barua za watu, hapa kuna mazoea ya kuvunjwa. Kwenye barua, kichwa cha habari hutengenezwa kwa kukikoleza wino na kukuza herufi. Macho yanaridhika, kazi imeisha. Kwenye ukurasa wa wavuti, maneno yaliyokolezwa ni maneno yaliyokolezwa tu. Hayajawa kichwa cha habari mpaka yaitwe hivyo. Tofauti hiyo haionekani kwenye kioo. Inaonekana kwa mtu asiyeona, ambaye simu yake humsomea ukurasa kwa sauti na kumwezesha kuruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Kwake ukurasa usio na vichwa vya kweli ni maneno yaliyomwagwa bila mlango wa kuingilia.

Nilimwona akisimama muda mrefu kwenye orodha. Alikuwa na orodha mbili. Moja ni ya mazao yanayomwagiliwa: mahindi, maharage, nyanya, vitunguu. Nyingine ni ya hatua za kufungua maji asubuhi. HTML ina tagi mbili za orodha, ul kwa vitu visivyo na mfuatano na ol kwa vitu vyenye mfuatano. Ile ya pili huweka namba yenyewe. Mazao aliyapa ul bila shida. Hatua za kufungua alianza kwa kuziandikia namba kwa mkono, 1, 2, 3, ndani ya ul. Kisha akatazama, akazifuta namba zote, akaandika ol. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amekumbuka hatua iliyosahaulika, ya kukagua mfereji kabla ya kuachia maji, na alipoiingiza katikati, namba zote za chini yake zilikuwa zimeharibika. Kwa ol, kompyuta inahesabu upya bila kuombwa. Huo ndio wakati lugha ilipoacha kuwa kanuni za kukariri na kuanza kumtumikia.

Jedwali la zamu lilichukua muda mrefu zaidi, na lilistahili. Jedwali huandikwa safu kwa safu: tagi ya table inazunguka yote, tr inaanzisha safu mpya, th ni ya kichwa cha safu au cha mstari wa wima, td ni ya kila kisanduku cha kawaida. Siku saba, kila siku na kitongoji chake na saa ya kufungua. Kwa hesabu ya haraka ni tagi nyingi, na ukiruka kisanduku kimoja, vinavyofuata kwenye safu hiyo vinasogea kushoto na saa ya kufungua inakaa mahali pa kitongoji. Kwa sababu hiyo alijifunza kusogeza maandishi ndani: kila tagi iliyo ndani ya nyingine inaanza nafasi mbili kulia, na inafungwa chini ya mahali ilipofunguliwa. Kivinjari hakijali nafasi hizo hata kidogo. Zimewekwa kwa ajili ya mtu, yaani yeye mwenyewe wiki ijayo, au mwingine atakayekuja kurekebisha. Ukitazama tagi zake leo, unaona umbo la jedwali kabla hujasoma neno.

Miaka ya tisini, mafundi wa tovuti duniani walitumia majedwali kupanga ukurasa mzima, menyu kushoto, habari katikati, kwa sababu hawakuwa na njia nyingine nzuri. Tovuti nyingi za zamani ziko hivyo bado. Ni vema kwamba anayeanza leo hahitaji kupitia huko. Jedwali limerudi kwenye kazi yake halali, na zamu za maji ni kazi yake halali kabisa.

Vivinjari vina upole unaoweza kumpoteza mwanafunzi. Lugha nyingi za kompyuta hukataa kazi yenye kosa, HTML haikatai. Ukisahau kufunga kiungo, ukurasa utafunguka tu, ila maneno yote yanayofuata yatageuka kuwa kiungo cha buluu hadi mwisho. Kivinjari kimekisia ulichotaka na kimekosea kwa nia njema. Ndiyo maana nidhamu lazima itoke kwa fundi mwenyewe. Binti huyu ana desturi ya kuandika tagi ya kufunga papo hapo baada ya kufungua, kisha anarudi katikati kujaza maneno, kama mchungaji anayerudishia lango la boma kila anapopita.

Kiswahili nacho kina mtego wake, na sijauona ukielezwa kwenye masomo ya Kiingereza ambayo vijana wengi huyategemea. Herufi zetu ni rahisi, hazina vikofia wala nukta za ziada, kwa hiyo mtu anaweza kuandika ukurasa mrefu bila kutaja aina ya usimbaji wa herufi na asione tatizo. Mpaka afike kwenye ng'ombe. Maneno yaliyochapwa kwenye Word huwa na kile kikoma cha juu kilichopinda, si kile kilichonyooka. Yakinakiliwa na kuingizwa kwenye ukurasa usiotaja UTF-8, kikoma hicho hugeuka kuwa alama tatu za ajabu, a yenye kofia ikifuatwa na alama ya yuro na nyingine, katikati ya ng'ombe, ng'ambo na ng'oa. Dawa ni mstari mmoja mfupi juu ya ukurasa, meta yenye charset ya utf-8. Mtego wa pili unatoka hukohuko: sifa za tagi huzungukwa na alama za kunukuu, na anayetumia zile za mkato mmoja kisha akaandika ndani yake neno ng'ombe, atakuwa ameifunga nukuu kabla ya kufika kwa -ombe. Tumia za mikato miwili, zilizonyooka, siku zote. Na katika tagi ya kwanza kabisa, html, iandikwe kwamba lugha ni sw. Bila hivyo, programu ya kusoma kwa sauti inaweza kuyatamka maneno yetu kwa ulimi wa Kiingereza, na mzee asiyeona hataelewa kinachosomwa.

Nilisema hakuna cha kununua. Hilo lina historia yake na inafaa ijulikane. Mwingereza Tim Berners-Lee alipendekeza mfumo huu wa wavuti mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho Geneva. Orodha yake ya awali ya tagi, ya mwaka 1991, ilikuwa na tagi 18 tu. Leo zimepita 100, lakini h1, p, ul, li na a zimo tangu mwanzo. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba programu za wavuti ni mali ya umma, yeyote azitumie bila malipo. Uamuzi huo ndio uliofika hadi kwenye stesheneri ya Same. Mwaka 2013 CERN ilirudisha ukurasa wa kwanza wa wavuti kwenye anwani yake ya awali, nakala ya mwaka 1992, na simu yoyote ya leo yenye kivinjari inaufungua na kuusoma vizuri. Sifahamu kazi nyingi za kompyuta za umri huo zinazofunguka hivyo bila kuguswa.

Kuna ukarimu mwingine ndani ya ufundi huu. Kila ukurasa unabeba namna ulivyotengenezwa. Ukibonyeza Ctrl na U kwenye kompyuta, tagi zote zinakuja mbele yako, za gazeti, za benki, za chuo kikuu. Si ufundi wote ulio hivyo. Upare inakumbuka Washana, ukoo wa wahunzi wa Ugweno ambao chuma chao kilinunuliwa hadi nje ya milima. Kuyeyusha chuma kulikuwa elimu ya ukoo na ilifungwa kwa miiko. Kwenye wavuti anayetaka kujua jambo limefanywaje anafungua na kutazama. Binti huyu alijifunza kuweka kichwa cha jedwali, tagi ya caption, kwa kuchungulia ukurasa wa mtu asiyemfahamu.

Picha ilikuja baadaye. Alikuwa na picha nzuri ya ndiva iliyojaa asubuhi, aliyoipiga kwa simu. Uzito wake ulikuwa karibu MB 4. Ukurasa wake wote wa maandishi, pamoja na jedwali, haukufika KB 5. Maana yake picha hiyo moja ilikuwa nzito sawa na kurasa 800 za namna hiyo. Watu watakaousoma ukurasa huu hununua bando kwa vocha ndogo, na mtandao milimani hutegemea umesimama bonde gani. Aliipunguza hadi upana wa pikseli 800 na uzito usiofika KB 100, na kwa macho ya mtu mwenye simu hakuna kilichopotea. Kisha akaandika maelezo ya picha katika sifa ya alt, yale yanayosomwa picha isipofunguka. Kwanza aliandika "picha ya ndiva". Akafuta. Akaandika: "Ndiva iliyojaa asubuhi, lango bado limefungwa, mfereji unaelekea kushoto." Hayo ndiyo maelezo. Anayeyasoma bila kuiona picha anajua alichokikosa.

Mapambo nitayapitia haraka, si kwa sababu hayana maana. Rangi, ukubwa wa herufi na nafasi za pembeni huandikwa kwa CSS, lugha iliyopendekezwa na Mnorwe Håkon Wium Lie mwaka 1994, na hukaa kwenye faili lake peke yake, mbali na maneno. Faili la binti huyu lina mistari isiyozidi ishirini. Mstari wenye faida kubwa kuliko yote haumo hata humo. Ni ule wa viewport, juu ya ukurasa. Usipowekwa, simu hudhani inatazama kioo cha kompyuta chenye upana wa pikseli 980 hivi, inapunguza kila kitu kikaenea, na msomaji analazimika kuvuta maandishi kwa vidole viwili. Ukiwekwa, herufi zinakaa kwenye ukubwa wake na mistari inajikunja kulingana na kioo. Wasomaji wake karibu wote wana simu, hawana kompyuta.

Siku ya kuuchapisha ukurasa hewani, mambo madogo huonekana makubwa. Faili la kwanza la tovuti huitwa index.html, na Windows huficha kiambishi cha mwisho, kwa hiyo Notepad inaweza kulihifadhi kwa jina la index.html.txt bila mwandishi kujua. Viungo vinavyoanza na C: vinafanya kazi kwenye kompyuta ile moja tu duniani. Na kuna lile la herufi kubwa na ndogo: kwenye Windows, Ndiva.JPG na ndiva.jpg ni faili moja. Kwenye seva nyingi, ambazo huendeshwa kwa Linux, ni mafaili mawili tofauti. Picha inayoonekana vizuri pale dukani inapotea ikishapandishwa. Aliyejifunza atayapa mafaili yake yote majina ya herufi ndogo, yasiyo na nafasi katikati, tangu siku ya kwanza.

Ukurasa ulipandishwa kwenye huduma ya bure, GitHub Pages, inayohudumia kurasa rahisi kama hizi tangu mwaka 2008. Anwani inayoishia na .tz, inayopatikana kupitia wasajili walioidhinishwa, itasubiri kamati ikiona umuhimu wa kuilipia kila mwaka. Kuufikia ukurasa nako kumerahisika. Kabla ya mwaka 2009, mkongo wa SEACOM wa chini ya bahari ulipofika Dar es Salaam, nchi ilitegemea zaidi intaneti ya satelaiti, ghali na ya polepole. Sasa ombi la mtu wa Bangalala linapanda mnara, linashika mkongo, linapita baharini na kurudi na ukurasa mzima, na kwa kuwa ukurasa ni mwepesi, linarudi kabla hajaiweka simu chini.

Watu waliniuliza kwa nini ahangaike, wakati kuna kundi la WhatsApp la kijiji. Swali ni la haki. Kundi lipo na linafanya kazi yake. Lakini zamu iliyotumwa Jumatatu asubuhi, kufika jioni imezikwa chini ya salamu, rambirambi na michango ya harusi, na anayeitafuta inabidi apandishe mpaka kidole kichoke. Ukurasa una anwani moja isiyohama. Kiungo chake ndicho kinachotumwa kwenye kundi, na kinachobadilika ni yaliyomo.

Na yalibadilika mapema. Mzee mmoja wa kamati aliingia dukani kutoa kopi ya muhtasari wa kikao. Binti alimwamkia, "Shikamoo, baba," akamwonyesha ukurasa kwenye simu. Mzee aliitikia, akavaa miwani, akasoma jedwali kutoka juu hadi chini kwa kidole, bila haraka. Alipofika katikati akasimama.

"Mwanangu, Jumatano siyo ya kitongoji cha chini. Tulibadilisha tangu msaragambo uliopita. Jumatano ni ya juu, wao wanachukua Ijumaa."

Binti alifungua faili, akatafuta td mbili, akayabadilishia nafasi maneno yake, akahifadhi, akapandisha. Baada ya muda mfupi mzee alifungua tena ukurasa na kusoma safu hizo mbili, kisha akazisoma zote upya kuhakikisha hakuna kingine kilichosogea. Hakikusogea. Akaulizia kama namba ya simu ya katibu inaweza kuwekwa chini, ili mtu akiona mfereji umebomoka apige moja kwa moja. Inawezekana, kwa kiungo kinachoanza na tel:, kikifuatwa na +255 na namba yenyewe. Anayekigusa kwenye simu huletewa namba tayari kwa kupiga. Binti alisema ataiweka katibu mwenyewe akikubali namba yake ionekane na kila mtu, na mzee akasema hilo ni la kikao, litapelekwa.